Kosa si la Vijana: Uhakiki wa Nadharia ya Ukosefu wa Kazi katika Nchi Tajiri

Ipo nadharia inayofundishwa sana katika nchi za kibepari, kwamba kijana hukosa kazi kwa sababu hana ujuzi, au anadai mshahara uzidio thamani ya kazi yake. Nadharia hiyo haina budi kupimwa kwa mambo yaliyotokea, si kwa hasira. Tuchukue mfano wa Hispania.

Mwaka 2007, kati ya kila watu 100 waliokuwa kazini au wakitafuta kazi nchini humo, kama 8 walikosa. Kwa vijana wa chini ya miaka 25 walikuwa kama 18. Mwaka 2013 hesabu hizo zilikuwa zimefika 26 na 55. Je, kwa miaka sita vijana wa nchi nzima walisahau ujuzi wao? Hapana! Tena, nyakati zote mbili mzigo wa kijana ulikuwa zaidi kidogo ya mara mbili ya mzigo wa wote. Vijana na wazee walisukumwa na nguvu ileile.

Nguvu hiyo ni ipi? Ujenzi wa nyumba uliotegemea mikopo ya benki uliporomoka mwaka 2008. Matumizi ya watu yalipungua, na waajiri wakapunguza wafanyakazi. Hispania haikuweza kushusha thamani ya fedha yake, kwani ilikwisha kujiunga na yuro mwaka 1999. Mwaka 2011 Benki Kuu ya Ulaya ilipandisha riba mara mbili, na serikali ikakata matumizi yake. Mgonjwa wa njaa aliamriwa afunge.

Lakini wako makada ambao hujibu kila swali kwa neno moja: ubepari. Ujerumani nayo ni ya kibepari na inatumia yuro hiyohiyo. Mbona mwaka 2013 vijana wake waliokosa kazi walikuwa chini ya 8 kwa 100? Viwanda vyake viliuza sana nchi za nje. Kijana wa huko hujifunza kazi kiwandani kwa malipo huku akisoma shuleni. Katika mtikisiko wa mwaka 2009, serikali ilifidia sehemu ya mishahara ili saa za kazi zipunguzwe badala ya watu kufukuzwa. Hispania, kwa upande wake, ilipanua mikataba ya muda kwa sheria ya mwaka 1984, na walioipata zaidi ni vijana. Shida ilipofika, mwajiri alisubiri tu mkataba uishe.

Basi tutenganishe mambo mawili. Matumizi, riba na sera ya fedha huamua ni wangapi watakosa kazi; sheria na mafunzo huamua nani atatangulia kuikosa. Anayemlaumu kijana huficha yote mawili. Na kada anayepiga kelele bila kuchambua humsaidia kuyaficha.