Mchezo Niliouharibu

Kuhakiki kazi ya mwenzio ni rahisi. Leo nahakiki kazi ya mikono yangu: mchezo wa mezani wa watu wanne, nilioubuni hapa Buganguzi ili wajukuu waijue nyarubanja.

Chuo cha ualimu kilitufundisha kutengeneza zana kwa vitu vinavyotuzunguka. Nikachukua kipande cha plaiwudi, nikachora njia yenye vyumba 40, kila chumba kibanja cha migomba na kahawa. Vizibo vya soda vikawa wachezaji, buni zikawa fedha. Kila mmoja alianza na buni 20. Anayetangulia kufika kwenye kibanja hukimiliki. Wengine wakitua hapo humlipa. Aliyeishiwa hutoka.

Msomaji asiye mwenyeji aelewe kwamba katika nyarubanja mtawala aliweza kumpa mtu wake ardhi pamoja na watu waliokuwa wakiishi juu yake. Watu hao waligeuka watwarwa, yaani wapangaji katika vibanja walivyolima wenyewe. Mwaka 1965, nikiwa kijana wa shule, Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa. Babu yangu alikuwa mmoja wao.

Nilitaraji wajukuu wawahurumie watwarwa. Jioni ya kwanza, mjukuu wangu wa miaka 9, mwenye vibanja kumi na kimoja, alininyoshea mkono: "Babu, lipa au hama!" Wote wakacheka. Mimi sikuweza.

Kosa hilo si langu peke yangu. Elizabeth Magie wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1904 kwa mchezo wake, The Landlord's Game, aliokusudia uonyeshe ubaya wa wachache kuhodhi ardhi. Lakini kutokana na mchezo huo ikazaliwa Monopoly, ambayo kampuni ya Parker Brothers ilianza kuiuza mwaka 1935, na mamilioni ya watu wakafurahia kufilisiana.

Mchezo haufundishi kwa nia ya aliyeutunga. Hufundisha kwa kile unachokituza. Wangu ulimtuza mtoza kodi. Tena ulisema uongo: uliwapa wote buni sawa na dadu moja. Mtwarwa hakupewa dadu.

Nikabadili kanuni. Sasa mmoja huanza na vibanja vyote, watatu hawana kitu, na kila jioni nafasi hubadilishwa. Kwa burudani, nakiri, nimeuharibu. Watoto wanapendelea drafti. Lakini zamu ya yule mjukuu ilipofika ya kuanza bila kitu, alirusha dadu mara sita, akalipa mara sita, kisha akaisukuma mbali.

"Babu, hii si haki. Hata nikicheza vizuri vipi siwezi kushinda."

Nikamweleza habari za babu yangu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa yeye alifanyaje?"

Kwa swali hilo, nimeuacha ubao ukutani. Sijautupa.