Mkono Unaoijua Thabai

Thabai haichumwi kwa papara. Kina mama wa Limuru na Kinangop wanaoitafuta kwa ajili ya mukimo, chakula cha viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja na majani, husimama kwanza kando ya ua na kuukagua mmea tangu chini hadi kileleni. Huu ndio Urtica massaica, upupu wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Si ule wa pwani, mtambazi mwenye maganda ya manyoya. Huu husimama wima, hufikia mita 2 penye rutuba na unyevu, na hauhitaji kupandwa upya, kwa kuwa shina lake jingine hutambaa chini ya udongo likichipuza huku na huko.

Mama ninayemtazama anatafuta vichipukizi ambavyo havijachanua. Ana sababu: jani likishakomaa hujaa chembe ngumu za chokaa zinazokwaruza mdomoni. Maua yenyewe ni ya kutafutwa kwa macho, madogo, ya kijani, yasiyo na petali, yamesongamana katika vishada pale jani linapoungana na shina. Ua dume huzaliwa na stameni zilizokunjwa kwa ndani. Likiiva, hufyatuka moja baada ya nyingine na kurusha chavua hewani, upepo uibebe.

Sasa anavaa mfuko wa nailoni kiganjani. Majani yamekaa mawili mawili, yakitazamana, kila jozi ikikingamana na iliyo chini yake. Anashika chini ya jozi ya pili au ya tatu, anasukuma vidole kuelekea juu, kisha anakata juu kidogo ya kifundo, asikiguse. Kwenye kifundo hicho kuna macho mawili yatakayochipuka badala ya kilele kimoja.

Vidole haviendi juu kwa bahati. Nywele za kuwasha hulala kidogo kuelekea kileleni, na anayepita upande huo huzilaza badala ya kuzivunja. Kila unywele ni seli moja ndefu iliyosimikwa kwenye kitako laini, na ncha yake ni kitone cha silika, kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo. Kikiguswa hukatika mshazari, kikaacha mdomo mkali uingiao ngozini, na kitako kikibanwa husukuma majimaji yenye histamini na asetilikolini. Mwanasayansi Robert Hooke alilitazama jambo hili kwa hadubini na kulieleza katika kitabu chake Micrographia cha mwaka 1665. Aliibana ncha kwenye ngozi yake mwenyewe ili aone majimaji yakipanda. Nauheshimu sana uvumilivu wa aina hiyo.

Wapo mafundi wengine. Katika milima ya Virunga, sokwe wa milimani hula Laportea alatipes, jamaa wa karibu wa thabai. Watafiti Richard na Jennifer Byrne, waliowachunguza Karisoke nchini Rwanda, walieleza mwaka 1993 jinsi sokwe anavyopandisha mkono shinani akikusanya majani, anavyovikata vikonyo, kisha anavyokunja fungu zima ili kingo zenye kuwasha zifichwe ndani. Mkono wake nao huenda juu.

Jikoni mama anachambua tena, maana shina gumu moja huharibu sufuria nzima. Anatumbukiza majani kwenye maji yanayochemka, na hapo nywele hunywea, zisiwe na nguvu tena ya kumchoma mtu. Anayaopoa, anayakamua, anayakatakata, anayachanganya na viazi na mahindi yaliyokwisha kuiva. Kisha mwiko. Anaponda kuanzia ukingoni kwenda katikati, anazungusha sufuria kidogo, anaponda tena. Kila anapoona kipande cheupe cha kiazi kimechungulia, anarudi palepale, na anaendelea hata baada ya mimi kudhani kazi imekwisha, mpaka rangi ya kijani iwe moja chini na juu.