Siku Tatu za Kungoja

Hapa Naitiri mahindi huchelewa kuota kuliko kule chini Malaba, kwa sababu udongo wetu una baridi. Mkulima mzoefu hafukui mbegu siku ya tano na kutangaza kwamba imeoza. Anajua baridi huchelewesha kila kilicho hai, na kuchelewa si kufa.

Humkumbuka mkulima huyo nikimfikiria daktari aliyesimama kando ya mgonjwa ambaye moyo wake ulisimama, ukarudishwa, kisha mwili ukapozwa. Mwaka 2002 tafiti mbili, moja ya Ulaya na nyingine ya Australia, zilionyesha kwamba kupoza mwili hadi kati ya nyuzi 32 na 34 kuliwaamsha wagonjwa wengi zaidi wakiwa na akili zao. Mwaka 2021 utafiti mkubwa zaidi haukuona kwamba nyuzi 33 zinashinda kuzuia homa tu. Mjadala wa baridi unaendelea, lakini swali la jamaa walioketi kwenye benchi la wadi halijabadilika: "Daktari, ataamka?"

Ustadi ninaousifu ni wa kulijibu swali hilo. Daktari huinua kope kwa kidole gumba, akamulika tochi, akatazama kama mboni inasinyaa. Husokota ncha ya pamba na kugusa kioo cha jicho, akingoja kope ipepese. Hubana ukucha kwa kalamu: mkono unajikunja, unajinyoosha, au umelala tuli? Penye vifaa, mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono hushtuliwa kwa umeme kidogo, naye daktari akatafuta wimbi linalofika ubongoni baada ya milisekunde 20 hivi. Likikosekana pande zote mbili, hiyo ni ishara nzito.

Hata hivyo, hatamki kwa ishara moja. Miongozo ya Ulaya ya 2021 inataka zipite angalau saa 72 tangu moyo urudi, na ishara mbaya zisizopungua mbili zikubaliane. Mwili uliopozwa huchelewa kuondoa dawa za usingizi, kwa hiyo anayedhaniwa kuwa ubongo wake umeharibika huenda bado amelewa dawa. Anayetabiri mapema hujithibitisha mwenyewe: akisema hataamka, mashine ya kupumulia huzimwa, mgonjwa hufa, na utabiri huonekana wa kweli. Kosa hilo halina shahidi.

Ustadi huu haukubali kukopa majibu, kwa maana hata tiba ya kupoza yenyewe haitoi matokeo yaleyale kila mahali. Jaribio la hospitali ya Mulago, Kampala, lililochapishwa mwaka 2008, lilipoza kwa chupa za maji watoto waliozaliwa wakiwa wamekosa hewa. Mwaka 2021 jaribio kubwa la India, Sri Lanka na Bangladesh likaonyesha vifo vingi zaidi kwa watoto waliopozwa, ingawa kwingineko tiba hiyohiyo ilikuwa imeokoa. Ishara zilizopimwa Ulaya nazo zinastahili kupimwa kwa wagonjwa wetu.

Najua kungoja kuna gharama. Bili hupanda kila kukicha, na wazee wa ukoo hutaka neno moja la mwisho. Kwa hiyo nawaomba jamaa: daktari akisema "bado sijui", msimwone mjinga. Nanyi madaktari, msione haya kulisema. Saa 72 ni siku tatu tu. Mgonjwa apewe zote.