Kuimba Wimbo wa Mwenzio

Mtu akiimba wimbo wa mwenzake, sifa anazopata huwa nusu. Tutaisifu sauti, kisha tutakumbushana kwamba wimbo wenyewe si wake. Kwangu mimi, Bi Kidude peke yake anatosha kuonyesha kwamba kuuimba upya wimbo wa kale ni kazi ya fundi, tena fundi mkubwa.

Tuutazame "Kijiti". Wimbo huu ni wa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu kabla hajahamia mjini na kuwa malkia wa taarab. Unasimulia kisa cha kweli. Mwanamke aliyekuja Unguja mgeni alitoka kwenda kustarehe, akauawa na mtu aliyeitwa Kijiti. Muuaji akatorokea bara. Adhabu ikawaangukia wanawake waliofuatana na marehemu na kutoa ushahidi. Wanyonge hawakuwa na pa kulisemea jambo hilo ila kwenye wimbo. Siti na wenziwe wakalipigia udi na fidla, na dhuluma ile haikusahauliwa.

Mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice. Upande mmoja wa santuri za siku zile ulibeba dakika tatu hivi. Nyimbo ambazo ukumbini zingeitikiwa na kurudiwa mpaka watu waridhike, ilibidi zikatwe. Ukizisikiliza leo unaisikia sauti ya Siti ikiwa juu, nyembamba, imejaa mapambo, na muda unaibana.

Sasa msikilize Bi Kidude, Fatuma binti Baraka. Huyu alimsikia Siti tangu utotoni, na angeweza kumwiga. Hakumwiga. Alikuwa mwalimu wa unyago, mpigaji wa msondo, mwenye koo zito na kavu, na "Kijiti" aliuimba kwa koo hilohilo. Mapambo aliyavua karibu yote, akabakisha shtaka. Maneno anayatamka kama shahidi aliyekwisha kuapa, hana haraka, wala hambembelezi msikilizaji. Aliyeuawa na waliofungwa hatuwajui tena, lakini ukimsikia utadhani kesi ni ya juzi. Ufundi wenyewe ndio huo: kujua cha kuacha na cha kushikilia. Tuzo ya WOMEX aliyopewa mwaka 2005 ilikuwa haki yake, si kwa uzee wake bali kwa kazi hii.

Kitukuu wa Siti, Siti Muharam, naye alitoa albamu ya "Siti of Unguja" mwaka 2020, nyimbo za kale zikiwa zimevishwa sauti mpya. Wako watakaonung'unika kwamba hiyo si taarab. Siwaungi mkono. Taarab yenyewe ilitujia kutoka Misri ikiimbwa kwa Kiarabu, na Siti alikuwa miongoni mwa walioigeuza ikasema Kiswahili. Aliyebadilisha hivyo hawezi kuheshimiwa kwa kugandishwa.

Kinachonikera ni wimbo kuimbwa bila kutajwa aliyetangulia. Siti alifariki mwaka 1950, Bi Kidude mwaka 2013, na wote wawili majina yao yanatamkika kwa pumzi moja. Vijana wa vikundi vya leo, uimbeni "Kijiti" kwa makoo yenu wenyewe, msimwige yeyote. Lakini kabla ya ubeti wa kwanza, waambieni watu ni wimbo wa nani.