"Lag behind": nani alibaki nyuma, nani aliachwa?

Leo tuseme kidogo juu ya maneno mawili ya Kiingereza ambayo tunapenda kuandika katika barua za kuomba bursa, katika memwari na katika ripoti za miradi: "lag behind". Ukiuliza simu, inakupa "kubaki nyuma". Unaandika, unaendelea. Mimi pia nilifanya vile, na ninaona tafsiri ile ilinidanganya.

Kisha kupata licence yangu, niliandikia mradi mmoja ripoti kwa Kiingereza juu ya mihogo inayovumilia ugonjwa wa mozaiki, huku kwetu Kivu ya Kusini. Niliandika kwamba wakulima wa juu ya mlima "lag behind" wale wa kando ya barabara. Sentensi ilikuwa nzuri, wakubwa waliifurahia. Siku moja nikapanda kule juu, nikamwambia mama mmoja mzee: "Mama, ripoti inasema mulibaki nyuma." Aliniangalia, akasema: "Mutoto yangu, sisi hatukukatala. Ile miti ya mihogo iliishiaka pa barabara. Huku juu, nani njo aliileta?"

Nilikosa jibu. Kosa lilikuwa la barabara, na mimi nililiweka juu ya kichwa cha wakulima.

Tuangalie sasa maneno yenyewe. Kiingereza kiko na ngazi mbalimbali hapa. "Follow" ni kufuata tu: mtoto anafuata mama yake sokoni, hakuna lawama. "Fall behind" ni kuachana na wenzako: mulianza pamoja, kisha ukapunguza mwendo. "Lag behind" ni kuendelea kukokota miguu wakati wengine wanakwenda. Msikilizaji anawaza mara moja kwamba mwenye miguu njo mwenye kosa. "Be left behind" ni kuachwa, na hapo unaweza kuuliza: aliyeacha ni nani? Wenye Kifaransa wanajua "être à la traîne". Ni ndugu wa "lag behind", na harufu ya lawama ni ile ile.

Kiswahili chetu si maskini hapa. Tuko na kufuata, kuchelewa, kubaki, kuachwa, kukokota. Kila neno linamuonyesha mtu mwingine kwa kidole. Tatizo ni kwamba tunachukua moja tu, "kubaki nyuma", tunalibandika popote.

Wenye kusoma kilimo watakumbuka kozi ya vulgarizasio. Mwaka 1962 mwanasosholojia wa Marekani, Everett Rogers, alitoa kitabu chake juu ya namna mambo mapya yanavyoenea kati ya watu. Aliwagawa watu makundi tano kufuatana na muda waliochukua kupokea jambo jipya. Asilimia 2.5 za kwanza ni wavumbuzi. Asilimia 16 za mwisho aliwaita "laggards", neno linalotoka katika "lag" hiyo hiyo. Kwetu tulilisoma kwa Kifaransa, "retardataires", tukalikariri kwa ajili ya mtihani.

Lakini fanyeni hesabu. Kama kundi linakatwa kwa kuangalia nani alikuja wa mwisho, basi wa mwisho hawatakosekana hata siku moja. Hata kijiji chote kikipokea mbegu mpya kwa misimu miwili, wale waliofunga safu watapewa jina lile. Jina linasema wako wapi katika safu. Halisemi juu ya nini wako pale, ila sisi tunalisoma kama vile linasema.

Rogers mwenyewe, na tumpe haki yake, aliliona tatizo. Katika matoleo ya baadaye aliandika juu ya tabia ya watafiti ya kumlaumu mtu mmoja mmoja pahali pa kuangalia mpango wote unaomzunguka. Anasimulia pia juu ya mkulima mmoja wa Iowa, kwao, aliyekataa dawa za kemikali kwa sababu zilikuwa zinaua minyoo ya udongo na ndege. Kwa kipimo cha miaka ile ya 1950, mzee yule alikuwa "laggard". Leo watu wangemuita mtu wa kilimo hai, wangemualika kutoa semina. Yeye hakusogea, kilichosogea ni kipimo.

Najua mtu ataniambia: "Kaka, kwani hakuna wavivu?" Wako. Mwanafunzi mwenye silabusi mezani tangu Oktoba, hajaifungua hata kurasa moja, huyo "lags behind" kabisa, mumuandikie bila huruma. Silabusi ilimfikia. Neno liko na kazi yake, mimi siombi tulifute.

Ninaomba tu tujiulize mambo mawili mbele ya kuliandika. Kwanza: nyuma ya nani? Maneno haya hayasimami bila mtu wa mbele, na mara nyingi tunamficha. Pili: kitu chenyewe kilimfikia huyu tunayemwita wa nyuma? Kama hakikumfikia, andika kwamba aliachwa, na useme ni nani aliyemuacha.

Juu ripoti si karatasi tu. Wakisoma kwamba wakulima wanakokota miguu, wataleta mafunzo ya kuwabadilisha akili. Wakisoma kwamba miti ya mihogo iliishia barabarani, pengine wataleta watu wa kuibeba. Ile sentensi yangu iliomba semina kwa watu waliokuwa wanangoja mbegu.

Na wewe, katika memwari yako, uliandika nani "lags behind"? Fungua uangalie tena.

Tuko pamoja.