Cheche Hazipigi Hodi: Uhakiki wa Nyumba Sahili

Katika darasa la uhakiki tumefundishwa mifano miwili ya uhusiano wa fani na maudhui. Wa kwanza ni kikombe na chai: chai ikimwagwa, kikombe hubaki kikombe. Wa pili ni sarafu: huwezi kuchukua upande mmoja ukaacha wa pili. Katika makala hii ninaipima mifano hiyo kwa kazi ya sanaa isiyotumia maneno, yaani nyumba ndogo ya likizo katika kijiji cha pwani kinachopakana na msitu. Hoja yangu ni kwamba wengi wetu tunausifu usahili wa nyumba kama sura tu, kama kikombe. Moto wenyewe huiona nyumba kama sarafu.

Kijiji chenyewe ni Wye River, katika jimbo la Victoria nchini Australia. Kiko kando ya Great Ocean Road, bahari mbele na milima ya mikalitusi nyuma. Nyumba zake nyingi ni za wageni wa likizo. Tarehe 19 Desemba 2015 radi iliwasha moto msituni. Siku ya Krismasi moto huo uliteketeza nyumba 116 katika Wye River na kijiji jirani cha Separation Creek. Watu walikuwa wameondolewa, na hakuna aliyekufa. Hilo si jambo dogo katika jimbo ambalo moto wa tarehe 7 Februari 2009 uliua watu 173.

Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa Kiswahili wa Uganda anatafuta nini huko. Jibu liko kwa bibi yangu, kaskazini mwa nchi yetu, ambako wakati wa kiangazi nyasi huchomwa kila mahali. Bibi alifagia uwanja wake kila asubuhi mpaka ardhi ikabaki tupu. Mimi nilidhani ni usafi tu. Nilipokuwa na miaka 10 moto ulikuja kutoka bondeni, ukafika ukingoni mwa uwanja ule na kuzimika. Lakini cheche moja ilikuwa imeruka juu ya vichwa vyetu na kutua kwenye paa la nyasi la jiko. Jiko likaungua sisi tukiwa tumesimama tunatazama moto uliokwisha kushindwa. Siku hiyo nilijifunza kwamba moto una miguu na pia una mabawa.

Mabawa hayo ndiyo yanayoangamiza nyumba nyingi za Australia. Cheche hutangulia ukuta wa moto, zikisukumwa na upepo, na huendelea kuanguka hata baada ya moto mkubwa kupita. Hazipigi hodi mlangoni. Huingia chini ya bati, hukaa kwenye majani makavu ya mfereji wa paa, hujikusanya pembeni mwa ngazi ya mbao. Watafiti wa CSIRO waliochunguza magofu ya Wye River walitaja kuta za mbao za kuzuia udongo na vitu vilivyohifadhiwa chini ya nyumba kuwa miongoni mwa vilivyoueneza moto. Kwa maneno mengine, nyumba zilichangia kuni zao wenyewe.

Hapo ndipo usahili unaopendwa unapoanza kunitia shaka. Nyumba ya likizo ya zamani ya pwani ile ni nyepesi: imesimama juu ya nguzo kwenye mteremko, ina baraza ya mbao, na chini yake kuna nafasi ya kuweka mashua na kuni. Ukiitazama utasema hakuna nyumba sahili kuliko hiyo. Lakini mtazame nayo anayeruka na upepo: ile nafasi ya chini ni mlango usio na komeo, na kila mwanya kati ya mbao za baraza ni kiota.

Hata kazi za mabingwa hazikwepi swali hili. Mwaka 1984 Glenn Murcutt, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Pritzker, alikamilisha Magney House katika pwani ya New South Wales. Ni nyumba ndefu, nyembamba, yenye mabati na kioo, na paa lake lina umbo la V ili maji ya mvua yakusanywe katikati. Kwenye uwanda ule wa wazi, ninaikubali bila kusita. Lakini paa hilohilo likihamishiwa chini ya mikalitusi, bonde linalokusanya maji litakusanya pia majani, na majani yataisubiri cheche. Kosa halitakuwa la Murcutt. Litakuwa la mwigaji aliyechukua sura akaacha mahali.

Kanuni ya ujenzi ya Australia, AS 3959, hupanga viwanja katika ngazi 6 kwa kukadiria hatari, kuanzia hatari ndogo hadi eneo la miali yenyewe. Inadai hata wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 2 kwenye matundu ya hewa. Ninaiheshimu. Hata hivyo, kanuni huhesabu sehemu, kama mwanafunzi anayeorodhesha tamathali za shairi bila kusema shairi linafanya nini. Unaweza kutimiza kila kifungu na bado ukajenga paa lenye mikunjo 7.

Wapo watakaojibu kwamba basi tujenge ngome ya zege. Sikubaliani nao kikamilifu. Aliyekwenda pwani kupumzika hakuenda kukaa handakini. Nyumba ninayoitetea ina paa moja la bati lisilo na bonde, sakafu ya zege iliyolala juu ya ardhi, kona chache, changarawe kuizunguka, na vifuniko vya chuma kwenye madirisha. Hivyo vifuniko ndivyo vinavyonishawishi zaidi. Udhaifu wa nyumba ya likizo ni upweke wake: hakuna mtu wa kuizima cheche ya kwanza kwa ndoo. Lakini upweke huohuo huiruhusu kufumba macho. Kila mgeni hufunga nyumba anapoondoka. Mbunifu akikifanya kitendo hicho kuwa kinga, desturi na usalama vinakuwa kitu kimoja. Na mwenyewe anapaswa kuwa amekwisha kuondoka, kwani nyumba hii imejengwa ili kusiwe na sababu ya mtu kubaki akaifie.

Kwa hiyo ninahitimisha kwamba usahili si uchache wa mapambo. Ni uchache wa mahali pa cheche kutua. Hapo fani na maudhui havitenganiki, na ule mfano wa kikombe unaungua pamoja na chai yake. Bibi hakusoma uhakiki. Baada ya jiko kuungua alijenga jingine la matofali, akaezeka bati, na kesho yake asubuhi akachukua ufagio.