Kubishana na Kamera

Mjomba wangu alikuwa na studio ya picha Mombasa, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, na msimu wa harusi ulimtoa jasho. Bwana harusi aliketi mbele yake na kanzu nyeupe, kofia nyeupe, na nyuma yake pazia jeupe. Mjomba alisoma kipimamwanga, akaguna, kisha akaongeza mwanga kuliko alivyoambiwa. Kifaa hicho, alikuwa akisema, hudhani dunia nzima ni kijivu. Ukikitii, kanzu itatoka rangi ya jivu na uso wa mtu utazama gizani.

Guno lile lilinirudia New York, nimepiga magoti ndani ya bustani ya Central Park nikimvizia ndege, theluji ikinishukia mabegani. Kamera za leo ni hodari, lakini ugonjwa wao ni uleule. Zikioneshwa weupe mtupu hudhani mwanga umezidi, zikaupunguza, na asubuhi inayong'aa ikageuka jioni ya mawingu. Mpigapicha hana budi kubishana nazo: aongeze hatua moja ya mwanga, pengine mbili, theluji irudie weupe wake bila kupoteza chembechembe zake. Hapo ndipo ufundi huu unaponivutia. Mashine hujua wastani. Theluji si wastani, wala kanzu ya harusi si wastani.

Sisi watu wa pwani theluji tumeijua kwa majina kabla ya kuigusa. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu. Barafu nayo ni ya Waajemi, ambao kwao jina hilo ni la theluji hasa, ile iangukayo kutoka mawinguni. Ilipofika kwetu ikawa kipande cha kutia kwenye sharubati.

Theluji inapoanguka, haionekani kirahisi kama watu wanavyodhani. Elekeza lenzi angani, nyeupe juu ya nyeupe, hutapata kitu. Tafuta kwanza mahali peusi: shina lililolowa, msonobari, mwamba. Katika Ramble, ule msitu mdogo wenye vijia vya kupotezana katikati ya bustani, mahali kama hapo ni pengi. Kisha chagua kasi ya shata. Kwenye sehemu moja ya 60 ya sekunde, chembe huwa michirizi, kama mvua iliyochorwa kwa chaki. Kwenye sehemu moja ya 500 au zaidi, husimama hewani moja moja. Mimi napenda zisimame. Taa ya kamera usiiguse kabisa, maana huwasha chembe zilizo karibu na lenzi zikawa madoa makubwa meupe usoni pa ndege.

Ndege ninayemfuata ni kardinali. Dume lake ni jekundu tangu kishungi hadi mkia, na halihami majira ya baridi. Hutua kwenye tawi, hufutua manyoya akawa duara, akaacha theluji imkusanyikie mgongoni. Nikiona hivyo najua ametulia. Akiyabana manyoya na kunyoosha shingo, nimemkaribia mno, narudi nyuma. Ndege mdogo huishi usiku wa baridi kwa mafuta aliyojiwekea mchana. Kila anaporushwa bure anayachoma. Picha ya ndege anayekimbia kwa sababu yangu siihesabu kuwa picha, hata ikitoka safi.

Ndiyo maana siwaonei wivu walioikimbilia bustani hiyo tarehe 27 Januari 2021, bundi wa theluji alipotua kwenye viwanja vya besiboli. Ndege huyo wa tundra ya Aktiki alikuwa hajarekodiwa hapo tangu mwaka 1890, na umati ulifurika. Ningependa kumwona, sikatai. Lakini kwa kazi hii nataka niwe peke yangu na kardinali wangu wa kila siku, ambaye hakuna anayemwandika gazetini.

Vidole ndivyo vinavyoshindwa kwanza, kisha betri. Baridi huipunguzia betri nguvu haraka, kwa hiyo ya akiba naiweka mfuko wa ndani, karibu na kifua. Pumzi nazitoa kando, nisije nikatia ukungu kwenye kioo cha kuchungulia. Kuna mara moja niliingia nyumbani na kamera mkononi, nimefurahi, nikataka kuonesha picha palepale. Unyevu wa sebule yenye joto uligeuka matone kwenye lenzi, maji yakachuruzika, na kamera ikalala siku mbili ndani ya pipa la mchele.

Sasa naifunga kwenye mfuko wa plastiki nikiwa bado nje, naiacha mlangoni saa nzima ipate joto polepole. Picha nazitazama baada ya chai.